Aliyetunza Majibu Yetu

Wanaume wa kwetu hawakuwa wakimsalimia njiani. Huku milimani, ambako mtoto akimpita mtu mzima bila kutoa shikamoo huitwa na kurudishwa alikotoka, mzee yule aliweza kutembea kutoka hospitali hadi sokoni Lushoto na asisemeshwe na mwanaume hata mmoja aliyeoa. Walioweza kuvuka barabara walivuka. Walioshindwa waliinama wakajifanya wanafunga kamba za viatu, hata kama wamevaa mabuti ya mpira. Wageni walidhani ni mchawi. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali ya misheni, na katika kazi zake, pamoja na malaria, minyoo na makohozi, ilikuwamo ile ya kupima manii ya wanaume ambao ndoa zao hazijaleta mtoto.

Yeye naye hakumsalimia mtu. Tulipokwisha kuzoeana nilimuuliza kwa nini.

"Mwalimu," akasema, maana ninafundisha shule ya msingi na hakuwahi kuniita kwa jina langu, "nikimchangamkia huyu, na yule nikamwonea huruma, watu watasoma usoni. Kwa hiyo uso wangu nauacha nyumbani."

Watu walisema ana kiburi cha kusoma. Sikuwahi kumjua mtu mwenye adabu kumzidi.

Tulimwita Mzee wa Maabara tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya dirisha la dawa. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka mpaka vidole vinakataa kushika chaki, yeye alikuwa akihangaika na baridi kwa sababu nyingine. Sampuli ile haitaki baridi na haitaki kuchelewa. Kwa hiyo mwanaume anayetoka vijiji vya mbali alifundishwa kukiweka kikombe kwapani, ndani ya sweta, na kumwambia dereva wa bodaboda aharakishe bila kumwambia anaharakia nini. Wengine walishindwa hata hilo. Hao aliwapa ufunguo wa stoo yake ya chupa, ambayo aliitia komeo yeye mwenyewe, komeo la ndani, baada ya mhudumu mmoja kufungua mlango kwa bahati mbaya na kumkimbiza mtu moja kwa moja hadi Soni.

Kwenye daftari la maabara, mahali pa kuandika kipimo, aliandika "choo". Mtu mkweli kiasi kile, ambaye kanisani hakukubali kuwa mweka hazina akiogopa kusingiziwa, alikaa miaka yote akiandika uongo kwa wino wa bluu. Ukilisoma daftari lile ungedhani wanaume wa tarafa yetu wote wanaumwa tumbo.

"Nahesabu, sihukumu," alipenda kusema. Na: "Hadubini haina shemeji wala mama mkwe." Lakini si kweli kwamba hakuhukumu. Alikuja kwake mtu mmoja aliyekuwa ameoa mke wa pili kwa sababu wa kwanza hakuzaa, na wa pili naye hakuzaa, na sasa alikuwa ametuma posa ya tatu. Mzee alimtazama sana. "Umebadilisha shamba mara mbili," akamwambia. "Jembe umeshawahi kuliangalia?" Yule mtu alikwenda kumshtaki kwa mganga mkuu. Mzee aliomba radhi kwa maandishi, halafu akampima.

Wanawake nao walikuwa na neno lao juu yake. Alikuwa na watoto saba. Sisi tuliokaa kwenye benchi lake tukiwa na miaka mitano, minane, kumi ya ndoa, tuliwaona watoto wale wakipita kwenda shule mmoja nyuma ya mwingine, na mioyo ikatuuma. Yeye alilijua. Hakuwahi kuwaruhusu wafike hospitali, hata wakiwa wagonjwa aliwapeleka zahanati ya mbali. Akiulizwa ana wangapi alijibu, "Mungu amenipa," basi. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," aliniambia, "kwa hiyo angalau asile mbele yake."

Alikuwa na sheria moja ambayo madaktari hawakuipenda: majibu ya kipimo kile hakumpa mume peke yake wala mke peke yake. Ni wote wawili, wakiwa wamekaa, mlango umefungwa. Daktari mmoja kijana alimwambia kwamba kisheria majibu ni ya mgonjwa. Mzee akamjibu kwamba anaijua hiyo sheria, aliifuata zamani, na hataifuata tena.

Sababu yake alinisimulia mwenyewe. Miaka ya mwanzo alimpima mwanaume kutoka upande wa Mtae. Hakukuwa na mbegu hata moja. Alimpa karatasi yake, akampa pole, akaficha siri kama alivyoapa. Yule bwana aliichoma karatasi njiani. Miezi michache baadaye mkewe alirudishwa kwao, na ndugu wa mume wakasema mbele ya watu kwamba tumbo lake limekufa. Mzee alizisikia habari hizo sokoni, akiwa ameshika fungu la karoti. Angeweza kusema neno moja. Hakusema.

Mwanamke yule alishuka Muheza, akaolewa huko. Siku moja alitokea mlangoni pa maabara, mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Nilijua."

Hakusema kingine. Alisimama pale kwa muda ambao mzee alisema hawezi kuupima, kisha akageuka akaenda zake. "Laiti angenitukana, Mwalimu," mzee aliniambia. "Matusi yangekuwa yamekwisha."

Sisi tulifika kwake mwaka wa saba wa ndoa yetu. Nilikuwa nimekwisha kunywa mizizi ya kila rangi. Mama mkwe wangu, Debora, mwanamke wa kanisa na mwenye bidii ya shamba, alikuwa akiniletea dawa hizo mwenyewe kwenye chupa ya chai na kusimama mpaka nimalize. Mwanzoni alinionea huruma. Baadaye aliacha kuniletea dawa, akaanza kuniletea maneno. Harusini, mbele ya mawifi zangu, aliwahi kusema: "Nyumba ya mwanangu ni safi sana. Hakuna wa kuichafua." Wakacheka. Nilicheka nao.

Mume wangu, Yohana, ndiye aliyekuwa anafundisha kwaya ya usharika wetu, na Mzee wa Maabara aliimba humo sauti ya nne. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anapelekewa kikombe siku ya Jumanne ndiye aliyekuwa akielekezwa kuimba Jumapili. Yohana alikubali kupimwa baada ya mimi kupimwa kila kitu kinachopimika.

Siku ya majibu mzee alifunga mlango. Hakutupa karatasi. Alimwomba Yohana asogee, aweke jicho kwenye hadubini.

"Unaona nini?"

Yohana aliangalia kwa muda mrefu, akirekebisha kichwa. "Sioni kitu."

"Hata mimi nilitazama sana," mzee akasema kwa upole. "Tutarudia baada ya miezi mitatu. Mashine hukosea, na mimi hukosea."

Sijawahi kuamua kama ulikuwa ukatili au heshima, kumwachia mtu aone mwenyewe. Tulirudia. Majibu yakawa yale yale. Daktari alimuuliza Yohana kuhusu magonjwa ya utotoni, akakumbuka matumbwitumbwi ya akiwa kidato cha pili, yaliyoshuka yakamvimbisha hadi asiweze kutembea.

Tulipokuwa tunatoka Yohana alimshika mzee mkono. "Asijue mtu. Hasa mama."

Mzee aliutoa mkono wake. Alinigeukia mimi. "Na wewe unasemaje? Maana watu watasema ni wewe. Sema mwenyewe, usisemewe."

Nilimtazama mume wangu. Macho yake yalikuwa yameniganda, kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. Nikasema, "Na iwe mimi."

"Mimi nimeapa kunyamaza," mzee akasema. "Wewe hujaapa. Kumbuka hilo."

Baada ya mwaka, kliniki moja ya Dar es Salaam ilitwambia kuna njia ya kutumia mbegu za mchangiaji, mtu tusiyemjua na asiyetujua. Yohana alitaka wiki nzima ya kufikiri, halafu akasema twende. Tulihitaji barua na vipimo kutoka huku. Mzee alituambia wazi kwamba jambo lile halimkai moyoni. Alisema ameisoma Biblia yake juu chini na hakupata ruhusa wala katazo, na kwamba kinachomsumbua si sisi. "Mtoto mtamwambia?"

"Hapana," Yohana akajibu haraka. "Mtoto wangu ni wangu."

"Sikuuliza ni wa nani. Nimeuliza mtamwambia?"

"Mzee, tafadhali."

Aliandika barua. Aliiandika vizuri, kwa mwandiko wake wa kulala, akatupigia na simu kliniki mara mbili kuhakikisha imefika. Ndivyo alivyokuwa: jambo asiloliafiki alilifanya kwa uangalifu kuliko lile analolipenda.

Mara ya kwanza haikushika. Nilitokwa na damu nikiwa darasani, nikamalizia somo la hesabu nimekaa. Mara ya pili ilishika. Msichana. Yohana alisisitiza apewe jina la mama yake, na mama mkwe alimbeba siku ya ubatizo akiwatangazia watu, "Tazameni paji hili, ni la Yohana mtupu!" Katika safu ya sauti ya nne mzee alikohoa, akatazama juu ya dari mpaka wimbo ulipoanza.

Kisha mzee alistaafu, na miaka michache baadaye akaanza kupotewa na kumbukumbu.

Alipoteza majina ya wanawe, na alipoteza njia ya kurudi nyumbani. Majibu hakuyapoteza. Alichosahau ni kwamba majibu yale ni siri. Siku ya soko alimkuta mfanyabiashara wa kabichi amesimama na mkewe, akamshika bega kwa furaha, yeye aliyekuwa hamsalimii mtu. "Wewe! Zilikuwa chache, lakini zilikuwa zinatembea vizuri. Mlipata?" Yule bwana alicheka kwa sauti kubwa. Mkewe hakucheka.

Habari zilizunguka kabla soko halijafungwa. Wanaume ambao kwa miaka walikuwa wakivuka barabara sasa wakawa wanamtembelea. Walileta maziwa, walileta mapeasi, wakakaa barazani kwake kutwa, na mgeni mwingine akiingia hawakuondoka. Walikuwa wanamlinda, au tuseme wanalinda mdomo wake. Binti yake mkubwa, aliyerudi kumtunza, alinitazama kwa uchovu siku moja. "Mwalimu, hawa watu wanamtakia baba uzima au wanamtakia kifo?"

Nyumbani kwetu palikuwa pagumu. Yohana alimwondoa mzee kwenye kwaya kwa kisingizio cha sauti. Akila alinyanyua kichwa kila mlango ulipogongwa.

"Afungiwe ndani," akasema siku moja. "Binti yake ana haki ya kumfungia."

"Mtu ametunzia watu siri maisha yake yote, leo afungwe kama mwizi?"

"Ndiyo maana nasema afungwe. Anazo zote!" Alisema hivyo huku Debora wetu, mwenye miaka tisa, akiwa mlangoni na daftari lake. Mtoto akauliza nani afungwe. Baba yake akamwambia ni mbwa wa jirani.

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili nilirudi kutoka shambani nikakuta nyumba tupu. Jirani akaniambia bibi amempitia mjukuu wake, wamekwenda kumsalimu Mzee wa Maabara.

Kilima cha kwenda kwa mzee nilikipanda mbio, na kanga ikafunguka njiani nikaishika mkononi. Nilikuwa nikiomba, lakini kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, maana niliomba mzee awe amelala, na kama hakulala, basi awe hawezi kusema.

Nilimsikia mama mkwe kabla sijamwona. "Debora, nenda nyuma na shangazi ukawaangalie kuku. Usirudi mpaka nikuite." Mtoto akapita pembeni ya nyumba akirukaruka, binti wa mzee nyuma yake, hawakuniona. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, anamenya peasi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini. Nilitoa shikamoo mbili, pumzi imenikatika.

Mzee aliinua uso, na uso wake ukafunguka. "Mwalimu! Kile kikombe cha mumeo nimekirudia. Nimetazama kona zote. Hakuna hata moja. Poleni sana."

Nilifungua kinywa niseme mzee anachanganya, anazungumzia watu wengine. Mama mkwe hakuacha kumenya.

"Kaa chini," akaniambia. "Ameshaniambia. Hii ni mara ya tatu. Ya kwanza ilikuwa tunapanda maharage."

Nilikaa kwenye sakafu ya baraza, siyo kwenye benchi.

"Miezi yote hiyo, mama?"

"Miezi yote hiyo. Kila nikija kwenu najiambia leo nitasema, nikimwona mtoto nashindwa." Aliweka kisu chini. "Ni yale matumbwitumbwi?"

"Daktari alisema huenda."

"Nilimpaka majivu shingoni. Baba yake alitaka tumshushe hospitali, nikasema mvua imeharibu barabara, atapona. Barabara ilikuwa inapitika." Halafu akanigeukia, na sikuwa nimewahi kuona hasira ile kwake, hata enzi za dawa. "Lakini nyinyi mlinifanyia nini? Miaka yote ile mliniacha nikutukane. Harusini. Mbele ya watu. Mtu asiye na kosa, na mimi nakwenda kupokea chakula cha Bwana. Hamkuona kwamba na mimi mnaniharibu?"

"Nilimwahidi Yohana."

"Yohana!" alisema, akashika kifua. "Mlimhurumia yeye. Wewe ukabeba, na mimi nikapiga."

Nilitaka kumwuliza kuhusu mtoto. Sikuthubutu. Aliniona ninavyotazama upande wa nyuma ya nyumba, akaelewa.

"Yule ni wajina wangu," akasema. "Nilimwogesha maji ya kwanza. Usiniulize upuuzi."

Mzee alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine. Mikono yake ilianza kulivutavuta blanketi. Kitu fulani kilikuwa kimemrudia, na kilikuwa kinamtisha.

"Nimesema?" akauliza. "Jamani. Nimesema jambo?"

Mama mkwe ndiye aliyesogeza kigoda chake, akaichukua mikono yote miwili akaiweka ndani ya yake.

"Hujasema kitu, ndugu yangu. Ulikuwa unatuuliza habari za mvua."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Nasi tumekwambia imenyesha."

Alishusha pumzi, akafumba macho. Tulikaa naye mpaka alipolala.

Tukishuka, mtoto ametangulia mbele, mama mkwe alinivuta mkono. "Yohana asijue kwamba najua. Atavunjika."

"Hapana, mama," nikamwambia. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. "Hilo sitalibeba. Tutamwambia leo, mchana huu, na wewe ukiwepo."

Tulimwambia. Debora tulimtuma kwa shangazi yake. Yohana alimsikiliza mama yake mpaka kwenye majivu, akatoka nje, akasimama katikati ya migomba bila mwavuli, na mvua inanyesha kweli. Mama yake alimfuata. Sikusikia waliyoongea, niliona tu kwamba alimvua sweta lililolowa kama anavyovuliwa mtoto mdogo. Kuhusu Debora hatukukubaliana siku ile. Yohana alisema subirini amalize darasa la saba. Mimi nilisema hatutasubiri, maana mtaa mzima una masikio. Mpaka ninapoandika hatujamwambia, lakini sasa tunabishana juu ya mwezi, si juu ya mwaka.

Jumapili iliyofuata Yohana alitoka mapema. Kengele ya pili ilipolia aliingia kanisani amemshika Mzee wa Maabara mkono, akampitisha katikati ya watu wote, akamsimamisha katika safu ya sauti ya nne. Nilisikia benchi za wanaume zikilia. Wimbo ulianza. Mzee hakukumbuka maneno, lakini sauti yake ilijua pa kushukia, na Yohana alielekeza kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka begani kwake.

Wimbo ulipokwisha, kabla mchungaji hajanyanyuka, mzee alisafisha koo. Alitazama watu, safu baada ya safu, kama anayewatambua. Akafungua kinywa. Wanaume wa kwetu, vijana kwa wazee, wakainamisha vichwa kama wanaosubiri radi.

"Nina kiu," akasema.

Hakuna aliyejongea. Yohana ndiye aliyeiacha kwaya imesimama, akatoka mbele ya usharika mzima, akaenda kumletea maji.